Taa kwa Taa

Jirani yetu huyu alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi mpaka nywele zikaota mvi. Alipostaafu, mtaa mzima ulimpangia matumizi ya kiinua mgongo chake, huyu akisema jenga, yule akisema fuga kuku. Aliwasikiliza wote, kisha akashika lake. Alitaka kumnunulia mdogo wake gari la teksi. Mama yao alifariki mtoto yule hajaota hata jino, na dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha, akamwoza. Sasa alitaka kumwona anajitegemea, basi. Angetaka nini kingine?

Wakaenda yadi ya magari yaliyotumika mchana kweupe, jua likiwaka. Dalali aliwapokea na kandambili zake na maneno mengi. Walizunguka weee, mwisho wakabakiwa na gari ndogo mbili, moja nyeupe, moja ya kijivu, za umri mmoja na bei zinazokaribiana. Ile nyeupe ilikuwa imeelekezwa ukutani, ya kijivu imetazama uwanjani.

"Mbona hii imepewa adhabu?" mdogo mtu akatania.

Dalali hakucheka. "Hizo ziache hivyohivyo, kaka. Zilikuja siku moja, zinakaa hivyo."

"Kumbe wake wenza!"

Wakaanza kuzilinganisha. Nyeupe ilikuwa na injini tulivu na viti safi, ila boneti yake imepigwa rangi upya na ukiigonga inalia kama debe. Ya kijivu ilikuwa na buti pana la mizigo ya abiria, tairi nzima, lakini mlango wa mbele haukufanana rangi na wa nyuma. Mdogo aliipenda nyeupe, dada akaipenda ya kijivu.

"Dada, hiyo rangi ya msiba bwana."

"Na hiyo yako itakula sabuni kuliko ulivyokula uji wangu."

Walicheka, mpaka wakashikana mabega.

Kikabaki kitu kimoja, taa. Mdogo mtu akashikilia kwamba taa haziwezi kulinganishwa mpaka gari zitazamane, taa kwa taa. Dalali akakataa katakata, lakini mteja mwingine akamwita getini, naye akaenda akiwa ameacha funguo juu ya boneti. Sikio la kufa halisikii dawa. Kijana akaiwasha nyeupe, akaigeuza, akaisimamisha mbele ya mwenzake, katikati pakabaki nafasi ya mtu kupita. Akazima injini. Funguo zote mbili akazitia mfukoni.

"Dada, ingia humo kwenye ya kijivu. Nikikwambia, washa taa."

Muuguzi akaingia, akakaa kwenye usukani. Mdogo wake akachuchumaa katikati ya gari mbili, akipangusa vioo vya taa kwa kiganja.

Kabla dada hajagusa kitu, taa za nyeupe ziliwaka. Ndani hamkuwa na mtu.

"Hee," kijana akageuka. "Si nimezima hii?"

Zikawaka na za kijivu. Dada akainua mikono yote miwili, kumwonyesha kwamba si yeye. Ndani ya gari kukaingia baridi. Kitu kikambana kifuani, kutoka begani mpaka kiunoni, kikamvuta nyuma kitini. Mkanda ulikuwa unaning'inia mahali pake. Hakuwa ameufunga.

Injini ikanguruma bila ufunguo.

Akakanyaga breki. Ikazama mpaka chini. Usukani haukugeuka. Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Mdogo wake alikuwa amesimama. Alimtazama kupitia kioo. Alimtazama sana, uso umempauka. Dirisha lilikuwa wazi, na mnong'ono wake ulimfikia.

"Wewe nani?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, kwa mtu aliyemlea. Gari zilikuja zote mbili kwa pamoja.

Polisi walikuta funguo mfukoni mwa marehemu. Walitazamana, wakaandika ajali. Dalali ndiye aliyebubujika. Alisema gari zile ziligongana uso kwa uso barabarani na madereva wote wawili wakafa. Yeye alizinunua kama vyuma chakavu, akazinyoosha. Akiziacha zimetazamana, asubuhi anazikuta zimesogeleana.

"Nikasema nikizipatia wateja tofauti, zitaachana," akalia.

Tamaa ina majina mengi. Yeye aliiita biashara.

Mtaani hakuna aliyetaka habari za dalali. Muuguzi alikuwa kwenye usukani, basi yakatosha. Wakasema amemtoa mdogo wake kafara ili pesa zake zizae. Walionena hivyo ni walewale aliowafunga vidonda bure, nami nawajua kwa sura. Wifi yake, mjane wa marehemu, akawakataza watoto wasikanyage kwa shangazi yao.

Muuguzi aliivumilia ile midomo. Kilichomshinda ni kifua chake. Michubuko aliijua kuliko alivyojua viganja vyake. Mchubuko huanza mwekundu, ukawa wa bluu, ukaja kijani, ukamalizia manjano, ukapotea. Wake ulikuwa mstari mpana, kutoka begani mpaka kiunoni, sawasawa na ule wa majeruhi aliyefunga mkanda. Miezi ilipita, nao ungali mwekundu.

Mwisho akaenda kwa wifi yake. Hakukaribishwa ndani. Palepale kibarazani akafungua vifungo vya blauzi.

"Siongei, wifi. Tazama tu."

Mjane alitazama. Alitazama kwa muda, kisha akanong'ona, "Naye alikuwa nao. Waliomwosha waliniita nikauona. Bega mpaka kiuno. Na alikuwa amesimama nje."

Muuguzi alihisi mzigo unamshuka. "Kwa hiyo unajua si mimi."

"Nimejua tangu siku ya kumzika."

"Sasa mbona unanifanyia hivi, mama?"

"Wanangu hawana baba, wifi. Nikikusamehe wewe, nimchukie nani? Gari?"

Akaufunga mlango taratibu, bila hasira. Muuguzi akabaki kibarazani, akivifunga vifungo kimoja kimoja. Kitambaa kilipougusa ule mstari, uliuma kama wa jana.