Siku Kumi na Tisa Katika Daftari la Bibi

Kila alasiri, Karani alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaketi kando ya cherehani ya bibi yake mpaka mama arudi kutoka kazini. Karani halikuwa jina lake. Bibi ndiye aliyembandika jina hilo tangu alipoanza, akiwa na miaka kumi na miwili, kuandika habari za Bibi katika daftari lenye jalada la kijani.

"Haya, Karani, leo umeniandika nini?" Bibi alimtania. "Nisije nikasikia nimeshtakiwa polisi!"

Bibi alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini. Sasa ugonjwa wa ubongo ulikuwa ukimpokonya kumbukumbu kidogo kidogo. Siku moja alishona mkono wa gauni mahali pa kola. Akaliinua gauni lile, akalitazama muda mrefu. Alijua kuna kosa, ila hakujua liko wapi.

Daftari lilitoka kliniki alikotibiwa. Daktari mmoja, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, alikuwa akifanya utafiti juu ya ugonjwa ule. Kila baada ya wiki tatu Bibi alitolewa damu.

"Ubongo umejengwa kwa seli nyingi mno," daktari alimweleza Karani siku ya kwanza. "Ndani ya seli kuna kitu kiitwacho RNA. Nyingine ni kama nakala ya agizo: tengeneza hiki. Nyingine husema: acha kile. Seli hufunga RNA kidogo ndani ya vifuko visivyoonekana kwa macho, ikavitoa nje. Seli nyingine ikivipokea, huenda ikabadilisha kazi yake."

"Kumbe seli za Bibi zinaandikiana barua?"

Daktari akacheka. "Tuseme hivyo. Tunachotafuta ni kujua kama seli inayougua hutuma maagizo ya kuzivuruga nyingine, au inajaribu kuzisaidia. Bado hatujui. Baadhi ya vifuko huingia kwenye damu, ndiyo maana tunaipima. Lakini damu haiwezi kuniambia Bibi alishindaje nyumbani. Hilo utaniambia wewe."

Kwa miezi miwili Karani aliandika kwa bidii: Bibi amekula nini, amelala saa ngapi, amesahau nini, na kama kuna tukio lolote. Kisha akachaguliwa katika timu ya mpira wa pete ya shule. Mazoezi yalikuwa saa zile zile za kukaa na Bibi.

Hakumwambia mama. Mama alikuwa dobi wa hospitali, alirudi jioni mgongo ukimuuma, na Karani aliogopa kuambiwa aache mpira. Akaanza kumpa Bibi chai, kumwashia redio, kisha kufunga mlango kwa nje na kukimbilia uwanjani. Akirudi aliandika haraka haraka: "Amekula vizuri. Amelala vizuri. Hakuna tukio." Baada ya wiki moja aliona hata hilo ni kazi, akawa anaketi kila Jumapili kujaza kurasa za wiki nzima iliyokuwa inakuja.

Siku mbili kabla ya kwenda kliniki, alirudi kutoka mazoezini akakuta moshi sebuleni. Pasi ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa, imekitoboa tundu jeusi. Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kiganja kimevimba na kuwa chekundu.

"Nani ameunguza nguo ya mteja?" Bibi aliuliza. "Mwenyewe akija nitamwambia nini?"

Karani alichomoa pasi ukutani, akamwagia Bibi maji baridi mkononi, akakificha kitambaa chini ya kitanda. Mama aliporudi, alimwambia Bibi amegusa sufuria ya chai. Ukurasa wa siku ile ulikuwa umekwisha kujazwa tangu Jumapili: "Hakuna tukio." Karani aliutazama, akaufunika.

Kule kliniki, daktari alipekua daftari mara mbili, kisha akageukia karatasi za maabara.

"Hapa pananitatiza," alimwambia mama. "Safari iliyopita tuliona dalili kwenye RNA ya vifuko. Damu ya safari hii inaonyesha dalili hiyo imeongezeka sana. Nilitarajia Bibi awe amezidiwa. Lakini, ukiacha ajali ya sufuria uliyonieleza, daftari linasema ametulia siku kumi na tisa mfululizo. Ama tunasoma damu vibaya, ama kuna jambo hatulioni. Ukikubali, ningependa kuchukua maji ya uti wa mgongo tuhakikishe."

Mama alimtazama Bibi, akakubali kwa kichwa. Muuguzi akaleta sinia lenye dawa ya ganzi na sindano ndefu.

Bibi alipoiona alirudi nyuma mpaka ukutani. Akamshika Karani kwa mkono ule wenye bandeji. "Nimefanya kosa gani?" alimnong'oneza. "Waambie sitarudia."

Alijua akinyamaza, Bibi atachomwa, na hakuna mtu atakayegundua.

"Msimchome!" alisema. Watu wote wakamgeukia. "Daftari ni la uongo. Nimeliandika bila kumwangalia. Nilikuwa naenda mpirani, namfungia ndani. Na hakuungua na sufuria, mama. Aliungua na pasi, nyumba ilikuwa imejaa moshi."

Mama alikaa kitini taratibu. "Mlango ulikuwa umefungwa?" aliuliza. "Na pasi inawaka?"

"Ndiyo, mama."

Mama alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Karani akaanza kulia, na Bibi, aliyekuwa hajaelewa lolote, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Nani kamliza huyu mtoto?" aliwauliza wote kwa ukali.

Daktari alimwashiria muuguzi aondoe sinia. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari ukurasa baada ya ukurasa, zote kumi na tisa. Hizo hazingetumika tena.

Jioni ile mama alimketisha Karani. "Ulichofanya kingeweza kumuua Bibi, na mimi ningebaki nikijiuliza maisha yangu yote imekuwaje," alisema. "Lakini nami nilikutwika mzigo mkubwa bila kukuuliza kama unauweza. Ungeniambia tu. Ningekasirika kidogo, yakaisha." Tangu wiki ile, shangazi alikuja kukaa na Bibi siku tatu, Karani akashika siku mbili zilizobaki. Mpira aliruhusiwa kuendelea nao, lakini nafasi yake katika timu ya mashindano aliikosa, kwa kuwa mazoezi yake yalikuwa yamepungua. Hakulalamika.

Bibi hakupona. Miezi ikapita, akaacha kushona kabisa, na mara nyingine alimwita Karani kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Karani aliandika yote. Safari moja daktari alilinganisha kurasa zile na vipimo vya damu, akavipitia tena mstari kwa mstari.

"Vinaendana," alisema hatimaye. "Ni mgonjwa mmoja tu, na dawa bado hatuna. Lakini kuna wengine wengi wanaoandikiwa hivi hivi, na sasa Bibi anaweza kuhesabiwa nao." Akalifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili. "Najua ungependa Bibi aonekane mzima. Sote tunataka. Ila ugonjwa tunapambana nao jinsi ulivyo, mwanangu. Ukiupamba, tunabaki kupigana na kitu ambacho hakipo, na mgonjwa ndiye anayeumia. Ukweli unaouma ndio unaotusaidia kumtibu."

Karani aliinamisha kichwa. "Wiki hii kuna siku mbili hakunijua kabisa," alisema. "Hizo nazo niendelee kuziandika?"

"Hizo hasa," daktari akamjibu.