Sinia la Mtu Mmoja

Aliyemwambia Sugra kwanza habari za safari ya Danang alikuwa jirani yake Shirinben, na alimwambia kupitia dirisha la jikoni.

Majumba ya mtaa ule wa Mabohora, pale Sidhpur, yamejengwa ukuta kwa ukuta, marefu, yenye vioo vya rangi. Kati ya jiko la Sugra na la Shirinben palikuwa na uwazi mwembamba wa kupitisha hewa, na madirisha yao yalitazamana humo, karibu kiasi cha kupokezana kikombe cha sukari. Jioni ile, adhana ya magharibi ikiwa haijaisha, Sugra alikuwa anapakua wali na dengu aliposikia ubao wa dirisha la pili ukigonga ukuta, na jirani akimwita kwa ile "ben" ya heshima, yaani dada.

"Sugraben! Umesikia? Juzerbhai anapeleka watu Vietnam. Mji wa pwani, Danang. Hoteli iko ufukweni kabisa, na mpishi wetu wenyewe anakwenda nao."

"Shirinben! Umepotea wapi siku zote hizi? Nilidhani umenikasirikia."

"Niko humu humu. Miguu hainipi nafasi ya kushuka ngazi." Sauti ilikuwa na mkwaruzo, kama ya mtu asiyeongea siku nyingi. "Twende, Sugraben. Vyumba ni vya wawili wawili. Wewe na mimi."

"Vikongwe sisi, tukafanye nini ufukweni? Tukavae kaptula?"

Jirani akacheka. Sugra hakumwona uso. Aliona ncha ya vazi la kijani, na vidole vimeshika ubao. Akasema kama watu wa kwao wanavyosema sufuria ikifunuliwa: "Njoo basi tule, chakula kipo."

"Nitakuja. Ila usiniwekee chumvi, daktari kanikataza."

Dirisha likafungwa. Ikabaki harufu ya marashi ya waridi, yale mazito ya zamani, na chini yake harufu nyingine, kama nguo iliyokunjwa mbichi ikafungiwa sandukuni. Sugra alifikiri, maskini, kufua kumemshinda. Alipokuwa ameshakaa kula ndipo alipokumbuka kwamba Shirinben hakuwa mtu wa marashi. Yalimuumiza kichwa tangu usichana.

Alilisukuma wazo hilo pembeni, kwa sababu alikuwa na furaha. Ilikuwa muda mrefu mno hajasikia neno "wewe na mimi".

Mumewe Abdeali alikuwa ameshazikwa. Watoto wake wa kiume walikuwa Chicago, wakipiga simu siku ambayo kwao ilikuwa mapumziko na kwake ilikuwa siku kama nyingine. Mtaani, nyumba baada ya nyumba ilikuwa na kufuli. Wenyewe walikuwa Dubai, Nairobi, London, na vioo vya rangi vilimulikwa na jua bila kumwangazia mtu.

Watu wa Sugra hawali kwenye sahani. Huketi wanane chini, wakizunguka sinia moja kubwa, na kila mmoja huonja chembe ya chumvi kabla ya tonge la kwanza na baada ya la mwisho. Sinia haliwekwi kimyakimya. Aliyelitenga huita nyumba nzima. Sugra angeweza kula kwenye sahani, lakini sahani ilimkumbusha hospitali. Kwa hiyo kila siku alitenga lile sinia kubwa, akamwaga wali kidogo katikati yake kama kisiwa, akaelekeza uso kwenye ngazi tupu na kuita: "Njooni, chakula kipo!" Hakumtazamia mtu. Mdomo ulikuwa umezoea.

Asubuhi yake alivaa rida yake ya zambarau, lile vazi la kujifunika la wanawake wa Kibohora, yenye maua kifuani, akaenda kwa Juzerbhai. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vyombo. Ukutani palikuwa na picha ya daraja lililoshikwa na viganja viwili vya mawe.

"Karibu, Sugraben! Keti hapa chini ya feni, pengine pote ni tanuri." Juzerbhai alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, kofia yake nyeupe imeingia jasho. "Unataka Danang? Umechelewa kidogo tu. Unajua mimi sihesabu viti vya ndege. Nahesabu masinia. Nayapakia yenyewe, na unga, na samli, na mpishi juu yake. Yamejaa yote ila hili la mwisho, lina pengo la watu wawili. Na sinia lenye pengo ni kama mdomo wenye pengo, watu wanaona haya kucheka."

"Nipe mimi hilo pengo."

"Bahari unaipenda?"

"Bahari nimeiona Mumbai," alisema Sugra. "Mimi nataka kukaa kwenye sinia la watu wanane."

Juzerbhai alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha.

"Sawa. Lakini wenzako wote ni mke na mume. Chumba ni cha wawili. Una mwenzako?"

"Ninaye. Shirinben."

"Shirinben yupi?"

"Wangu mimi, wa ukuta mmoja! Ndiye aliyeniambia habari zako, jana magharibi."

Juzerbhai alijikuna shingo. "Sugraben, Shirinben yuko Kuwait kwa mwanawe tangu kabla ya Ramadhani. Tiketi nilimkatia mimi. Ufunguo wa nyumba yake ule pale, umening'inia."

"Labda amerudi."

Juzerbhai hakubishana naye. Alipiga simu, akaiweka mezani ili wote wasikie. Ilipokelewa na kelele za mtoto, halafu, Juzerbhai aliposema yuko na Sugra, Shirinben mwenyewe, sauti nyembamba na ya haraka kama siku zote: "Nani? Sugra? Mwenzangu! Huku joto la kukaangia mayai! Nyumba yangu vipi, njiwa hawajaimaliza?"

Sugra aliisukuma simu upande wa Juzerbhai. Juzerbhai akadanganya kwamba laini ni mbaya.

"Usijali," alisema kwa upole. "Ukikaa peke yako sana, masikio nayo yanatafuta kazi. Nitafutie mtu, lakini awe na pasipoti! Nipigie leo kabla sijafunga ofisi. Kuna mke na mume Dahod wanalivizia pengo hilo."

Nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni na kulitazama dirisha la pili kwa jua la mchana. Komeo lake lilikuwa limeliwa na kutu. Njiwa alikuwa amejenga kiota kizingitini, na utando wa buibui, mzima, mweupe kwa vumbi, ulikuwa umetandaa kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Hakuna mkono uliopita hapo mwaka huo. Lakini harufu ya waridi ilikuwepo.

Aliapa hataita tena. Alikaa na taa zote zimewashwa tangu alasiri, akatenga chakula mapema, kabla ya giza, akakaa kimya mbele ya sinia amebana midomo. Kisha, mawazo yake yakiwa kwa mtu wa pasipoti ambaye hakumpata, ulimi ukafanya kazi yake ya kila siku.

"Njooni, chakula kipo."

Orofa ya juu, iliyokuwa imefungwa tangu watoto waondoke, mlango ulifunguka.

Ilikuwa miguu mitupu, mizito, isiyo na haraka, na ilishuka ngazi kama miguu ya mtu anayezijua, ikiuruka ule ubao mmoja unaolia ambao Abdeali aliahidi kuutengeneza asiutengeneze, ikapita ukumbini, ikapita nyuma ya mgongo wake karibu sana hata upepo wa nguo ukamgusa sikio, na harufu ya waridi na ya nguo mbichi ikajaa kooni mwake mpaka akaisikia kama ladha, na yeye hakugeuka, alikazia macho kisiwa chake cha wali huku akisikia kitambaa kikikunjwa, goti likigusa sakafu, na mtu akiketi upande wa pili wa sinia, akishusha pumzi kama msafiri aliyefika.

Mkono ukatokea kwenye ukingo wa sinia, ndani ya mkono wa vazi la kijani. Vidole vyake vilikuwa vya urefu mmoja, vyote, pamoja na gumba.

"Wewe ni nani?" Sugra alinong'ona.

"Mtu wa nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii. Na ile. Na zote za mtaa huu." Sauti nayo ilinong'ona, kama inayoogopa kusikiwa. "Walishuka na masanduku, wakafunga. Hakuna aliyeniuliza. Majiko yote ni baridi, Sugraben. Ni wewe tu unayeita."

"Sikukuita wewe."

"Ulikuwa unamwita nani?"

Upande wa pili wali ulipungua.

"Nipeleke Danang. Siwezi kuvuka kizingiti cha mtaa mtu asiponitaja. Mwambie Juzerbhai, tuko wawili. Nitalala kitanda cha pili. Nitakaa kwenye sinia lako, na hutakula peke yako tena, popote."

Sugra aliwafikiria watu wale wa safari, mikono yao yote kwenye sinia moja, wakicheka bila kujua mkono upi ni wa nani. Akainuka, akakimbia bila viatu.

Alimkuta Amil Saheb, kiongozi wao wa dini, kwenye baraza ya msikiti akisubiri isha. Alikuwa kijana, ameletwa juzijuzi kutoka Surat, na bado aliona haya wazee walipombusu mkono. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Hakuvunja mlango," alisema polepole. "Uliita, akaja, ukamlisha. Amekuwa mgeni wako. Na chumvi? Alionja?"

"Alisema daktari kamkataza."

Amil Saheb alikaribia kucheka, lakini kicheko hakikutoka. "Hao hawaiwezi chumvi. Rudi, mama. Mimi nitasimama mlangoni nikisoma. Wewe onja chumvi, kisha umsogezee kikopo, na useme: sinia hili ni la mtu mmoja."

"Useme wewe, Amil Saheb. Una elimu."

"Siwezi. Aliyeita ndiye anayekanusha."

"Hakuna maneno mengine?"

"Kwa nini? Hayo yana ugumu gani?"

Sugra aliangalia miguu yake yenye vumbi.

Alirudi. Mkono wa kijani ulikuwa bado kwenye ukingo wa sinia, umetulia, ukimngoja. Hakikuguswa kitu alipokuwa nje. Mgeni alikuwa amemsubiri aje wale pamoja. Amil Saheb alianza kusoma mlangoni. Sugra aliketi, akaonja chumvi, akakisogeza kikopo katikati.

"Usiseme," ulinong'ona upande wa pili. "Sugraben, usiseme. Mimi nilikuja. Wanao uliwaita hawakuja. Mimi nilikuja."

Taa zikafifia, kuta zikaanza kugongwa kwa ndani kama na watu wengi waliofungiwa, nyumba hii na ile na ile nyingine, milango ya orofa zote ikigonga kwa pamoja mpaka vioo vya rangi vikalia, na katika kelele ile yote Sugra alisikia kitu kimoja tu kwa uwazi, kwamba anayemkabili alikuwa analia, taratibu, kama anavyolia mtu aliyezoea kulia pasipo na msikilizaji, kilio ambacho Sugra alikijua kwa sababu ni chake mwenyewe, cha kila usiku tangu Abdeali afe, naye akafumba macho na kuyatoa maneno kama mtu anayejing'oa jino.

"Sinia hili ni la mtu mmoja."

Kelele zikakatika. Alipofumbua macho, upande wa pili palikuwa na wali uliokauka na tone moja la maji.

Amil Saheb alifuta jasho. "Alhamdulillahi. Sasa uko salama, mama. Lala."

Hata hatua zake hazijaisha mtaani, simu ikalia.

"Sugraben, nafunga ofisi," alisema Juzerbhai. "Umepata mwenzako?"

"Niko peke yangu," alisema Sugra. Mara ya pili maneno hayo hayakuwa magumu. Yalikuwa kweli tu.

"Oh. Basi niwape wale wa Dahod. Usivunjike moyo, eti? Mwakani, inshallah, tutakutafutia mtu."

Akakaa akisikiliza nyumba. Hapakuwa na mlio wa mlango, wala wa ubao, wala wa pumzi. Hata njiwa walikuwa wamehama. Harufu ya waridi ilikuwa imekwisha, na hewa haikuwa na harufu ya kitu chochote. Alilala hivyo, salama, macho yake yakitazama dari.

Kesho yake asubuhi alioga, akavaa rida ya zambarau, akapika wali na dengu kwa kipimo cha zamani, cha nyumba yenye watu. Alitenga sinia. Alikichukua kikopo cha chumvi, akakishika kwa muda, kisha akakirudisha kabatini, nyuma kabisa, nyuma ya debe la unga, na kufunga mlango wa kabati kwa ufunguo.

Akafungua dirisha la jikoni.

"Njoo," aliita, na safari hii haukuwa mdomo uliozoea. "Chakula kipo."

Akaketi mbele ya sinia, akakusanya pindo la nguo yake, na kujisogeza kidogo ili pawe na nafasi.