Namba ya Pili ya Upepo

Kila asubuhi Mama Turubai hutoa vikombe viwili, halafu hukumbuka na kurudisha kimoja kabatini. Mumewe alifariki wakati wa mvua zilizopita.

Kazi yao ilikuwa kufunga maturubai ya shughuli. Mume alikuwa akisoma utabiri kwenye simu, chai mkononi, halafu anasema, "Upepo kumi na nane. Twende." Yeye alishika upande mmoja wa nguzo, mkewe upande wa pili. Siku hizi nguzo zinashikwa na vibarua, nao wakimaliza huenda zao. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ukimya wa nyumba ulimchosha mama huyu kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi moja alisoma utabiri kama alivyozoea kuusikia: kilomita kumi na nane kwa saa. Akafunga turubai kwenye uwanja wa shule ya watoto wadogo. Kabla wageni hawajafika, upepo ulivuma ghafla, ukalinyanyua turubai na kuliangusha juu ya viti. Hakuna aliyeumia. Mwalimu mkuu aliangalia viti vilivyovunjika, akamwangalia na yeye.

"Marehemu hakuwahi kutuangushia turubai," alisema. "Jumamosi ijayo ni mahafali ya watoto. Likianguka tena, nitatafuta mtu mwingine."

Jioni Mama Turubai alikaa uani akishona palipochanika, huku analia. Jirani yake, anayefanya kazi kituo cha hali ya hewa, akapiga hodi.

"Pole, shemeji. Utabiri ulisemaje?"

"Kumi na nane. Mmenidanganya, wewe na mashine zenu."

"Na namba ya pili?"

"Namba ipi tena?"

Jirani akamwonyesha kwenye simu. Chini ya kumi na nane, kwa maandishi madogo, palikuwa na arobaini na tano.

"Hii ya juu ni kasi ya wastani," alisema. "Lakini upepo hauendi sawasawa kama maji ya bomba. Unatulia, halafu unasukuma kwa nguvu sekunde chache. Huo msukumo wa ghafla ndio namba ya pili. Na kasi ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Lebo ya turubai inasemaje?"

Mama Turubai akageuza pindo. "Mwisho arobaini."

"Basi namba ya pili ikikaribia hapo, turubai libaki stoo. Ikiwa chini kidogo, ongeza kamba. Na usome utabiri wa mtaa huu, sio wa mji mzima. Pale shuleni upepo unabanwa kati ya majengo mawili, unazidi kasi."

"Mbona mume wangu alisoma moja tu?"

"Moja kwa sauti, shemeji. Ya pili alinisomea mimi hapo kwenye ukuta wa ua wetu. Hakutaka uanze siku na hofu."

Mama Turubai akaweka sindano chini. Alikumbuka siku ambazo mumewe alizidisha kamba, naye akamtania, "Unafunga turubai au unafunga ng'ombe?" Alikumbuka pia siku alizosingizia mgongo, wakabaki nyumbani.

Jumamosi ya mahafali jua liliwaka vizuri. Utabiri ulisema kumi na sita. Namba ya pili, arobaini na tatu. Akampigia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, leo sifungi turubai. Watoto wakae madarasani."

"Na jua lote hili?"

"Jua halizuii upepo, mwalimu."

Simu ikakatwa. Aliketi peke yake, akijua huenda kazi imekwenda.

Mchana upepo ulikuja. Baadaye kidogo simu ikaita.

"Mabati ya kibanda cha mlinzi yameng'oka," mwalimu mkuu alisema taratibu. "Yameangukia pale pale watoto wangekaa. Mama, mwezi ujao tuna mkutano. Siku utachagua wewe."

Siku ya mkutano ilipofika, alitoa vikombe viwili, akarudisha kimoja. Akafungua simu na kusoma kwa sauti ndani ya nyumba tupu.

"Kumi na mbili. Ya pili, ishirini." Akachukua kamba zake. "Leo mgongo wako mzima. Twende."