Robo na Sudusi

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Liz aliketi karibu na rafiki yake Emmah na kunakili hesabu zake za nyumbani. Mwalimu Bogonko alitia vema kila mahali, na kwao, nje kidogo ya mji wa Kehancha, watu walimwita msomi. Msomi gani huyo, wa kubebwa mgongoni na mwenzake!

Babu yake alipofariki, ukoo ulikutana kugawa shamba. Baba yake Liz alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mama yake, Priscilla, alipewa robo, fungu la mumewe. Kisha nyanya akasimama.

"Huyu ndiye aliyemwosha mzee akiwa kitandani," akasema. "Mwongezeeni sehemu moja ya sita ya shamba lote, itoke katika fungu langu."

"Hiyo inaitwa sudusi," Liz akadakia. Wazee wakacheka kwa furaha.

"Basi msomi wetu atuambie," akasema Nchagwa, baba yake mdogo. "Robo na hiyo sudusi, jumla yake nini?"

Majina ya akisami Liz alikuwa ameyakariri yote, lakini kuzijumlisha hakujua kabisa. Angeweza kusema hajui, waulizwe walimu, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini sifa ni tamu. Akajumlisha namba za juu, moja na moja, halafu za chini, nne na sita.

"Sehemu mbili za kumi!" akasema.

Nchagwa alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Mama Liz, umesikia? Ni mtoto wako mwenyewe amesema." Siku hiyo hiyo akapima na kupanda mikonge ya mpaka kati ya fungu lake na la Priscilla.

Jioni Priscilla alisimama mpakani akiangalia. "Liz, mbona naona padogo hivi? Hata hiyo robo peke yake..."

"Mama, wewe hukusoma. Hii ni hesabu. Nyamaza tu."

Mama akageuka, akarudi nyumbani.

Baada ya wiki chache kulikuwa na mtihani. Emmah alikuwa nyumbani akiugua malaria, na Liz akapata sufuri. Mwalimu alipouliza ni nani hakuelewa, Liz aliinua mkono kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, robo na sudusi ni ngapi?"

Bogonko alichora shamba ubaoni, akaligawa vipande kumi na viwili vilivyo sawa. "Robo ni vipande vitatu. Sudusi ni viwili. Sasa vipande vinalingana, kwa hivyo vinajumlishika. Ni tano za kumi na mbili."

"Si mbili za kumi?"

"Mbili za kumi ni ndogo kuliko robo. Mtu ataongezewaje, halafu apungukiwe?"

Liz aliangua kilio mbele ya darasa zima, akaeleza yaliyotokea.

Mwalimu alifuatana naye hadi nyumbani. Mbele ya wazee wale wale, Liz alikiri yote. "Mimi nilipima nilichoambiwa," akasema Nchagwa, na ingawa wachache walimwamini, hakuna aliyeweza kumbishia. Wazee waliamua mikonge ing'olewe, lakini mahindi ya Nchagwa yalikuwa yameshaota pale. Priscilla angepata ardhi yake yote baada ya mavuno.

Msimu huo mama alikwenda kulima kibarua katika mashamba ya tumbaku ya watu. Liz alimfuata kila siku isiyo ya shule. Hesabu alikuwa anafanya mwenyewe sasa, akikosa na kurudia. Siku moja, wakipalilia, aliomba msamaha tena.

"Kutojua hakukuniudhi," mama akasema bila kuinua kichwa. "Hata mimi sijui, na asiyejua hufundishwa. Lakini wewe ulijua kwamba hujui, mwanangu, na bado ukaniambia ninyamaze. Sifa ulizila peke yako. Njaa tunalala nayo wote."