Krimu ya Bibi Harusi

Mama Fundi alishona nguo za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ilikaa karibu na dirisha. Binti yake alimsaidia kukunja pindo na kushona vifungo. Watu walimwita binti huyo Kicheko, maana hakuweza kusimulia jambo hadi mwisho bila kucheka.

Kicheko alipochumbiwa, shangazi wa mchumba alikuja kumwona. Alimtazama juu mpaka chini.

"Mtoto mzuri," alisema. "Ila jua limempiga kidogo."

Wote wakacheka, na Kicheko naye akacheka. Lakini maneno yale yalimkaa mama yake moyoni.

Kesho yake Mama Fundi alikwenda kwa msusi wa mtaa wa pili. Alirudi na kopo dogo jeupe lisilo na maandishi yoyote.

"Msusi anaichanganya mwenyewe," alisema. "Ukipaka hii, utang'aa."

"Kwani niko vibaya, mama?"

"Nataka tu usisemwe ukienda kwa watu, mwanangu."

Kila jioni alimpaka kwa mikono yake mwenyewe, uso, shingo na mikono. Krimu iliyobaki kiganjani alijipaka mwenyewe. Siku ya harusi, shangazi alimsifu bibi harusi mbele ya wageni wote.

Baada ya harusi Kicheko hakuacha. Kila akijaribu kuacha, weusi ulirudi kwa mabaka, naye akaona aibu. Akapata mimba, akaendelea kupaka.

Mimba ilipokuwa kubwa, alikuja kwa mama yake amevimba uso na miguu. Viatu havikumwingia.

"Ni mimba tu hiyo," mama alimtuliza. "Hata mimi nilivimba nilipokuwa na wewe."

Akachukua sindano atunge uzi. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, vidole vikatetemeka.

"Uzee huo, mama!" Kicheko alimtania.

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ilipita miezi mingi kabla hawajacheka tena.

Siku chache baadaye mtoto aliacha kucheza tumboni. Kicheko alisubiri asubuhi nzima, mkono tumboni. Mchana mumewe akampeleka hospitali. Mtoto alizaliwa kimya. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Kicheko alimpakata kidogo, kisha akawaruhusu wauguzi wamchukue.

Wiki iliyofuata nesi wa zahanati alikuja kwa Mama Fundi kumjulia hali Kicheko. Alikuwa jirani yao. Aliona mashavu mekundu ya Kicheko, na viungo vya vidole vilivyobaki vyeusi.

"Mdogo wangu, unapaka nini?"

Kicheko alimtazama mama yake. Mama Fundi akaenda kulileta kopo. Nesi hakulifungua. Alikuwa anaitazama pete ya Mama Fundi. Dhahabu yake ilikuwa na madoa ya kijivu.

"Pete imepauka tangu lini, mama?"

"Tangu nilipoanza kumpaka mwanangu."

Nesi akashusha pumzi. "Nina wasiwasi humu mna zebaki, maana ndiyo inayoharibu dhahabu namna hiyo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinayo, nayo ni sumu. Inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Inaharibu figo, mtu anavimba. Inaumiza mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka. Mama mjamzito akipaka, inamfikia mtoto tumboni. Hata mtoto mdogo asiyepaka inaweza kumpata, akilalia shuka la anayepaka au akivuta mvuke wake."

Mama Fundi alishika ukingo wa meza. "Basi ni mimi niliyemuua mjukuu wangu?"

"Siwezi kusema hivyo, mama. Watoto hufia tumboni kwa sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba lazima muache leo, nyote wawili. Kesho twende mkapimwe damu na mkojo."

"Na hili kopo nilitupe chooni?"

"Hapana, wala usilichome moto. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, tulipeleke zahanati. Taulo na shuka zifueni mbali na nguo nyingine."

Vipimo vilionyesha zebaki kwa wote wawili. Wakaanza matibabu. Msusi naye aliitwa akapimwe. Mikono yake ilitetemeka kuliko ya Mama Fundi.

Taratibu uvimbe ulimtoka Kicheko. Daktari alisema figo zinapata nafuu. Jioni moja, wakikunja vitambaa, Kicheko alimgeukia mama yake.

"Siku ile nilikuuliza kama niko vibaya."

"Nakumbuka, mwanangu."

"Ungesema hapana, mama. Ungesema hapana ukaishia hapo."

Mama Fundi alilia. Kicheko hakumbembeleza, lakini hakuondoka. Alikaa pale pale mpaka mama yake akanyamaza.

Mwaka ukapita. Siku moja bibi harusi mtarajiwa alikuja kupimwa gauni. Mama Fundi alimzungushia futi ya kupimia kiunoni, akaona shingo yenye mabaka na vidole vyenye viungo vyeusi. Akaweka futi chini.

"Mwanangu, unapaka krimu gani?"

Msichana aliinamisha uso. Mama Fundi akavuta kiti. Kwa mara ya kwanza alimsimulia mgeni habari za mjukuu wake. Hakuficha kitu.

Msichana akatoa kopo kwenye mkoba. Lilikuwa halina maandishi.

"Lakini nikiacha sasa nitatoka mabaka," alisema. "Watu watanionaje siku ya harusi?"

Kicheko alisimamisha cherehani.

"Waache wakuone," alisema. "Twende zahanati, nitakusindikiza."

Mama Fundi aliliacha gauni mezani, likiwa bado na pini zake, akafunga mlango. Wakaenda wote watatu.