Joho Alilovishwa Krnjo

Shuka zilianza kunuka moshi. Tonka alizifua, akazianika kwenye kamba iliyovuka uchochoro, upepo wa baharini ukazipiga asubuhi nzima, na bado alipozikunja zilinuka majani yaliyoungua. Akazifua tena. Šime, mumewe, akamcheka.

"We mwanamke, utazitoboa hizo shuka! Jirani anachoma samaki, basi."

"Jirani kaenda kwa binti yake tangu Jumapili."

Šime akainusa shuka moja mwenyewe.

Wiki hiyohiyo, mchana, saa ambayo mji mzima hufunga madirisha na kulala, Tonka alisikia kitu kikiburuzwa ngazini. Kilikuwa kamba yenye mafundo, maana kila kidato kililia to, kikalia tena to, hadi mlangoni pa chumba cha marehemu mama yake. Alipotoka hakuona mtu. Aliona jivu kizingitini, akalifagia upesi kabla Šime hajaamka. Alijua. Tangu shuka ya kwanza alijua, ila mtu akiwa na hatia hujifanya mjinga hata mbele ya nafsi yake.

Mama yake, Luce, alikuwa wa Utawa wa Tatu, wale walei wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Fransisko wakiwa majumbani mwao, na watu hao wakifa huzikwa na joho la kitawa la sufu ya kahawia, lenye mshipi wa kamba ya mafundo. La kwake alilitunza kashani miaka na miaka, akilitoa kila Oktoba na kulipiga pasi. "Nitalivaa mara moja tu," alikuwa akitania, "kwa hiyo acheni nipendeze."

Haya. Mama akiwa bado hai, Karnivali ikaja, zile sherehe za kabla ya Kwaresima, na Krnjo hakuwa na nguo. Krnjo ni lile sanamu la majani makavu linalohukumiwa uwanjani: husomewa maovu yote ya mji, wizi, uzinzi, fitina za mwaka mzima, kisha huchomwa ili watu waingie Kwaresima wakiwa safi. "Mvisheni utawa!" Tonka alisema, glasi ya mvinyo mkononi, watu wakaangua kicheko, naye akakimbia nyumbani kulitoa joho kashani. Alidhani wangemvua kabla ya moto. Nani amvue, na wote wamelewa?

Kabla ya Pasaka mama akawa mahututi, macho yamezimika. "Tonka, mwanangu, niletee joho langu nilishike." Tonka akampa blanketi la sufu. Bibi wa watu akalipapasa, akalibusu, akafa ameridhika. Wakamzika na gauni la buluu.

La kuvunda halina ubani. Tonka alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kwenye monasteri ya Wafransisko. Akamkuta mtawa mzee, fra Bono, kwenye ua wa ndani, katikati ya zile nguzo nyembamba za zama za kale, akimwagilia michungwa.

"Fra Bono, mama yangu anatembea."

"Luce? Kwa magoti yale? Hata alipokuwa hai hakuwa mtembezi."

Tonka hakucheka. Akamweleza yote, la joho na la blanketi, akilia hadi kamasi zikamtoka. Mtawa akaitua ndoo chini.

"Mama yako alishakusamehe," alisema polepole. "Huyo anayeburuza kamba si Luce. Lile joho lilisomewa maovu ya mji mzima, likiwa mwilini mwa mwingine."

"Krnjo ni majani tu, fra Bono!"

"Majani yaliungua. Maovu yalikwenda wapi?" Akatazama nyuma ya bega lake, kisha akanong'ona. "Huyo Krnjo anatafuta mwenye joho amrudishie, pamoja na maovu yake. Kaanzia chumbani kwake. Tumuwahi, mwanangu. Nitatoa joho langu la zamani, tumfunike Luce nalo, asiwe na nafasi ya jingine. Nenda kamwite mumeo."

Walikwenda makaburini nyuma ya kanisa jua likiwa la utosi, fra Bono mbele na joho mkononi, Šime nyuma na mtaimbo, na Tonka katikati akiomba kimoyomoyo kwamba akute gauni la buluu limetulia, kwamba hajachelewa, kwamba kwa mara hii moja atamvisha mama yake kile alichoombwa. Na lile bamba la jiwe lilipoinuka, harufu ya majani yaliyoungua ikatoka shimoni ikawajaa puani na kooni, na katikati ya moshi usio na moto wakaliona jeneza, na juu ya jeneza gauni la buluu, limekunjwa vizuri, vifungo vimefungwa vyote, na kutoka chini ya kifuniko kilichopigiliwa misumari wakasikia sauti ya kucha zikikuna sufu, zikikuna, zikikuna bila kupumzika.

Fra Bono akalishusha joho lake. "Kamvisha tayari," alisema.

"Mama!" Tonka akajitupa kwa magoti ukingoni mwa shimo. "Mama, livue! Ni mimi niliyelitoa! Maovu yake nipe mimi!"

Kukuna kukakoma. Ikaja sauti aliyoijua tangu utotoni, yenye upole uleule.

"Asante kwa kuniletea, mwanangu. Ila mbona linachoma?"