Transfoma ya Santuri

Haya hayakunifika mimi. Yalimfika rafiki yangu Maxwell, mfanyakazi wa bandari anayeishi Mikindani, na tangu anisimulie sipendi kupita kwake jioni.

Maxwell ni mtu wa santuri. Alikuwa amepata sindano ya aina ya koili, ambayo sauti yake ni ndogo mno, kwa hiyo akanunua transfoma ya mtumba ya kuikuza kabla haijafika kwenye amplifaya.

Magharibi moja akaifunga. Hata hajashusha sindano, spika zikaanza kuvuma. Akabana vizuri waya wa ardhi, mvumo ukapungua, na chini yake akasikia mtu akiita taratibu, "Hodi."

"Karibu," akaitika bila kufikiri, kama tunavyoitika sote, akaenda kufungua. Nje hapakuwa na mtu. Aliporudi, mvumo ulikuwa umekwisha kabisa.

Baadaye kidogo stima zikapotea. Taa ya amplifaya ikazimika, nyumba ikawa giza tupu. Maxwell alikuwa bado anapapasa meza kutafuta simu aliposikia ndara za mkewe, Phoebe, zikiburura uani. Alikuwa anatoka dukani.

"Hodi humo," Phoebe akaita.

Maxwell anasema alifungua kinywa aitike, lakini alitanguliwa. Zile spika, bila umeme, zilijibu kwa utulivu wa mwenye nyumba, "Karibu ndani."

"Ahsante," akasema Phoebe, akausukuma mlango.